Muulize Fundi: Stendi ya Mifuko Inayogoma

SWALI: Mzee Fundi, hujambo? Nina duka la kujihudumia hapa Kondele, Kisumu. Nilipomtembelea dada yangu Mbale, Uganda, niliona keshia wa duka moja ana stendi ya chuma mezani, majuala yametundikwa juu yake. Akijaza moja na kulivuta, la nyuma yake linafunguka lenyewe, mdomo wazi. Halambi kidole, hapulizi. Niliporudi nikamwomba fundi wa kuchomelea pale Kibuye anitengenezee stendi kama ile, nikatundika mifuko yangu ya karatasi, ile ya khaki, kwa kuitoboa juu kwa msumari. Sasa nikivuta mmoja inakuja mitatu, au unachanika kutoka kwenye tobo hadi katikati na wateja wananicheka. Mpwa wangu anasema afadhali avuke Busia aniletee yale majuala yenyewe. Stendi yangu ina kasoro gani? – Mama Duka, Kondele

JIBU: Sijambo, mama. Kwanza mwambie mpwa wako atulie nyumbani. Tangazo la Gazeti Rasmi lilitoka mwaka 2017 na likaanza kutumika tarehe 28 Agosti mwaka huo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, yenye mikono na isiyo na mikono, hairuhusiwi kutengenezwa, kuingizwa wala kutumika Kenya. Adhabu ni faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au jela kati ya mwaka 1 na miaka 4, au vyote viwili. Hakuna faida ya unga na sukari itakayolipa hiyo.

Stendi yako haina kosa lolote. Watu huona chuma, wakadhani chuma ndicho kinachofanya kazi. Mimi nilikaa miaka mingi upande wa kukata katika kiwanda cha majuala Nairobi kabla sijahamia Nakuru, na nakwambia stendi ni msumari wa kutundikia tu. Kazi yote inafanyika kwenye mfuko, kabla haujafika dukani.

Juala la aina ile lina mikono miwili, na katikati ya mikono, pale mdomoni, huachwa ulimi mdogo wenye tobo. Mikono hupitishwa kwenye vyuma viwili vya pembeni, ulimi ukaning'inia kwenye kulabu ya katikati. Ulimi umeshikana na mfuko kwa nukta chache tu ambazo kisu kiliziacha makusudi. Ukivuta, nukta zinakatika, mfuko unaondoka, ulimi unabaki. Siku nyingine ukienda Mbale itazame kulabu ile jioni: utaikuta imejaa ndimi tupu.

Hapo mfuko umetoka, lakini ule wa pili unafunguliwa na nini? Polithini, yaani plastiki ya majuala, ina utelezi, wino haushiki juu yake. Kwa hiyo kabla ya kuchapa jina la duka, plastiki hiyo hupitishwa kwenye umeme mkali unaotoa mwanga wa zambarau na harufu kali ya ozoni. Uso uliopigwa umeme huo hukubali wino, na hukubali pia kushikana na uso mwenzake ukibonyezwa. Basi rundo la mifuko linapokatwa mikono, kando ya kisu huwekwa kipande butu kisichokata, kinabonyeza tu. Pale kilipobonyeza, ukuta wa nyuma wa mfuko wa kwanza hushikana kidogo na ukuta wa mbele wa mfuko wa pili. Na kwa nini mfuko wenyewe usijifunge? Kwa sababu ndani hakukupigwa umeme. Huo ndio ujanja ninaoupenda zaidi katika kazi hii yote, na aliyeuwazia sijui kama wateja walimwambia asante hata mara moja.

Baada ya hapo ni kupanga nguvu. Mshiko wa mfuko kwa mfuko lazima uzidi zile nukta za ukuta wa mbele, la sivyo mfuko wa pili unabaki umefumba mdomo na keshia anarudi kwenye mate yake. Lakini usizidi nukta za ukuta wa nyuma, la sivyo mfuko wa pili unang'oka mzima, wa tatu unaufuata, na keshia anabaki na mlolongo wa majuala mkononi. Tulikuwa tukichukua bunda moja kutoka kila zamu, tunalitundika, tunalivuta mfuko mmoja mmoja mpaka mwisho. Umeme ukizidi, mifuko haiachani. Kisu kikichakaa, nukta zinakuwa nene na ulimi hauachii. Hukuweza kulijua hilo kwa kutazama, ilibidi uvute.

Sasa turudi kwako, kwani karatasi haina tabia hiyo. Khaki haishikani kwa kubonyezwa, kwa hiyo usiitarajie ifungue ya nyuma yake. Ila inaweza kutoka moja moja, ikiwa na mdomo ulio tayari kupokea mkono. Wewe umefanya mambo mawili yaliyoizuia.

La kwanza, umetoboa kuta zote mbili za mfuko. Umeufunga mdomo kwenye chuma! La pili, ni ule msumari. Msumari haukati karatasi, unaisukuma. Ukitoboa bunda zima kwa mpigo mmoja, nyuzi za karatasi ya juu huingia kwenye tobo la karatasi ya chini na kukwama humo. Chukua mifuko miwili uliyotoboa, uitenganishe polepole karibu na sikio, utasikia ikikwaruzana. Hiyo ndiyo mitatu yako inayokuja pamoja.

Namna nzuri utaiona kwenye kiwanda cha mkate. Mfuko wa mkate una ukuta wa nyuma uliozidi ule wa mbele, na sehemu hiyo iliyozidi ndiyo yenye matobo mawili. Waya mmoja uliopindwa wenye miguu miwili hupita kwenye matobo hayo. Ukuta wa mbele uko huru, hewa ikipulizwa kidogo mdomo unafunguka, mkate unaingia, mfuko unavutwa na kuachia waya. Khaki nyingi tayari zina upande mmoja uliozidi kidogo, lakini ni mfupi mno kutobolewa. Mwombe anayekutengenezea akuongezee ukuta wa nyuma kama sentimita 4. Kama unanunua za jumla zilizokwisha kutengenezwa, punguza ukuta wa mbele kwa mkasi, pale katikati tu, upate nafasi hiyo.

Halafu nenda kwa fundi wa viatu, umwombe akuazime kile chuma chenye tundu cha kutobolea mishipi. Weka gogo chini, toboa mifuko michache kwa wakati mmoja, usiwe na pupa. Juu ya kila tobo kata mstari kwa wembe kuelekea ukingoni, ila usifike mwisho, bakisha kipande cha upana wa njiti ya kiberiti. Karatasi ikivutwa itachanikia hapo ulipoielekeza, haitashuka tumboni. Stendi yako iinamishe nyuma kidogo ili bunda lisiteleze lenyewe.

Na uhifadhi mifuko mbali na sakafu. Hewa ya ziwa huko kwenu ina unyevu, na khaki iliyonyonya unyevu huchanika hata ukiwa umefuata kila nililosema.

SWALI: Nani alibuni juala la mikono? Mwalimu wetu alisema ni Mmarekani. – Mwanafunzi, Bungoma

JIBU: Ni Mswidi, mhandisi Sten Gustaf Thulin wa kampuni ya Celloplast, mji wa Norrköping. Hataza ya Marekani, yaani hati ya kumlinda mbunifu, ilitolewa mwaka 1965. Alichukua bomba la plastiki, akalikunja pembeni, akaliunganisha kwa moto juu na chini, kisha akakata kipande cha katikati juu, mikono ikabaki. Hakuna gundi, hakuna kushona, na mkunjo wa pembeni unaufanya kila mkono kuwa na tabaka zaidi, ndiyo maana ulikuwa ukibeba mzigo kuliko unavyoonekana. Mwanawe amewahi kusimulia kwamba babake alikuwa akitembea na mfuko mmoja umekunjwa mfukoni, autumie tena na tena. Mwambie mwalimu wako kwa adabu.

SWALI: Fundi, tuna kiwanda kidogo cha mkate hapa Nakuru, tunapakia kwa mikono. Asubuhi mifuko inafunguka vizuri. Mchana wa Januari inagandamana, inatufuata mikononi, na nywele za mkono zinasimama. Anayetuuzia anasema tumeihifadhi vibaya. – Mpakiaji, Nakuru

JIBU: Nywele zikisimama, ndugu yangu, huo ni umeme tuli, muuzaji asikutishe. Plastiki ikisuguana hujichaji, na kwa kuwa haipitishi umeme, chaji inabaki pale pale. Asubuhi hewa ina unyevu kidogo na chaji inapata njia ya kuondoka. Mchana wa kiangazi cha Nakuru hewa ni kavu, haina njia.

Tafuta waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, uchambue upande mmoja ziwe wazi, uzitandaze karibu na mdomo wa bunda bila kuugusa, upande wa pili uunge kwenye waya wa ardhi. Meza ya chuma nayo iungwe ardhini, kazi hiyo afanye fundi wa umeme. Piga deki mara kwa mara. Acha kupepeta bunda kwa kidole kabla ya kulitundika, unaongeza msuguano. Na asipulize mtu kwa mdomo, huo ni mkate wa watu. Feni ndogo inatosha.

Lakini jaribu jambo moja kabla hujamsamehe muuzaji kabisa. Chukua mfuko asubuhi yenye ukungu. Ukikataa kufunguka hata hapo, si umeme: kuta zimegandana, na mara nyingi ni kwa sababu bunda lilikaa chini ya mabati kwenye joto huku limelaliwa na maboksi. Hapo uliza lilikaa stoo ya nani, yako au yake.