Shangazi wa Sinema anajibu: "Muvi moja imetugawa nyumba nzima"

SWALI: Shikamoo Shangazi. Jumamosi tulikaa sebuleni watu sita kuangalia Inherent Vice, maana shemeji alituambia ni muvi ya upelelezi yenye vichekesho. Saa moja haijaisha, mdogo wangu yuko kwenye simu, mume wangu anakoroma, wifi kaenda jikoni na hakurudi. Shemeji peke yake alicheka mpaka akatoa machozi. Mimi nilivumilia hadi mwisho na mpaka leo sijui nani alimuua nani. Sasa shemeji anatuita washamba. Sisi ndio vichwa vigumu au muvi yenyewe mbovu?
Mvumilivu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza shemeji apunguze maneno. Muvi hii ilipotoka, Desemba 2014 Marekani na mapema 2015 Uingereza, kuna watu waliolipa tikiti zao wakanyanyuka katikati wakaondoka, mpaka magazeti ya Uingereza yakaandika habari hiyo. Iligharimu takriban dola milioni 20, na dunia nzima haikuingiza hata milioni 15. Muvi hiyo hiyo ikapendekezwa kwa Oscar mbili, ya mswada na ya mavazi. Kwa hiyo sebule yenu haina ajabu yoyote, ni kama kumbi zote zilivyokuwa.

Sasa nikufungulie fundo. Ambaye hajaiona aruke aya tatu zinazofuata, asije akanilaumu.

Tuko Los Angeles mwaka 1970. Doc Sportello, yaani Joaquin Phoenix, ni mpelelezi wa kujitegemea. Mvuta bangi, miguu michafu, ofisi yake iko ndani ya kliniki. Usiku mmoja anatokea Shasta, mpenzi wake wa zamani. Sasa anatoka na tajiri wa majumba, Mickey Wolfmann, na mke wa tajiri na mchepuko wake wanataka kumfungia Mickey hospitali ya vichaa wale mali. Hiyo kesi ya kwanza. Ya pili inaletwa na Tariq, ametoka jela, anamdai mmoja wa walinzi wa Mickey. Doc anamfuata mlinzi huyo kwenye nyumba ya masaji, anapigwa kichwani, anazinduka kalala kando ya maiti ya mlinzi mwenyewe na polisi wamemzunguka. Ya tatu ni ya Hope. Mumewe Coy, mpiga saksafoni, inasemekana alikufa kwa heroini, lakini kuna pesa nyingi imeingia benki bila maelezo. Maiti haiweki pesa benki.

Juu ya kesi zote tatu linaelea jina Golden Fang. Mara ni meli ya matanga, mara ni genge la kuingiza heroini, mara ni umoja wa madaktari wa meno wanaokwepa kodi. Na mahali wanapopelekwa mateja kutibiwa napo pana mkono wao: wanakuuzia sumu, kisha wanakuuzia dawa. Ukilishika hilo umeshika sehemu kubwa ya muvi. Nani alimuua mlinzi? Muvi inalipita swali hilo mbiombio, na wengi wanakatia tamaa hapo hapo. Lakini kuna mauaji mengine yanayoelezwa waziwazi: mshirika wa afande mmoja wa polisi aitwaye Bigfoot aliuawa na mkopeshaji riba aitwaye Prussia, muuaji ambaye polisi wenyewe wanamtumia. Bigfoot hawezi kuwagusa wakubwa zake, basi anamsukuma Doc kwenye mdomo wa mamba, kisha anampachikia mzigo wa heroini kwenye gari.

Mzigo huo ndio unaofungua mlango. Wenyewe wanautaka, wako tayari kulipa. Doc hataki senti. Anataka Coy aachiliwe, kwa sababu Coy hajafa, kageuzwa kuwa mtoa habari na hawezi kurudi kwake. Itazame tena sehemu ya makabidhiano, mwanangu, hata kama huna hamu na nyingine yote. Kwenye maegesho ya magari, wanaokuja kuchukua heroini ni baba, mama na watoto wao, nywele za dhahabu, nguo safi, gari la familia. Hakuna jambazi mwenye kovu. Halafu Doc anampeleka Coy nyumbani, anamshusha, anabaki ndani ya gari akiangalia mlango ukifunguliwa. Basi. Katika uozo wote ule, mtu mmoja karudishwa kwa mkewe na mtoto wake.

Kwa hiyo nasema hivi: hii si muvi isiyo na jibu. Ina jibu, ila imelificha kwenye kesi ndogo ambayo hukuwa unaiwazia, kwa sababu wewe na mimi tulikazana kumtafuta tajiri. Muda huo tajiri karudi kwake zamani, tena kashatibiwa wazimu aliokuwa nao, wa kutaka kugawa nyumba bure.

Na kuna jambo nashangaa wachambuzi wengi wa huko wanalitaja kwa haraka. Tariq anarudi kutoka jela anakuta mtaa wake haupo, umesawazishwa kupisha mradi wa nyumba za Wolfmann. Tunakumbushwa pia familia za Wameksiko zilizoondolewa Chavez Ravine, mahali ulipojengwa uwanja wa Dodger Stadium uliofunguliwa 1962. Aliyewahi kuona alama ya X nyekundu imepakwa ukutani mwa nyumba ya jirani hahitaji kueleweshwa. Bomoabomoa ndiyo kesi kubwa ya muvi hii, na hakuna mpelelezi wa kuitatua.

Lakini nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Muvi ina dakika 148, na robo yake ingepungua nisingelia. Phoenix anamung'unya maneno, majina yanakuja mfululizo kama orodha ya michango ya harusi, na anayesimulia, Sortilège, sauti ya mwimbaji Joanna Newsom, anakuimbia hali ya hewa ya moyo wa Doc badala ya kukwambia nani ni nani. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tumezoea msimulizi wa kweli. Mtu kama DJ Afro angekwambia mapema, "huyu ndiye adui, mwangalie vizuri." Mumeo kukoroma namwelewa kabisa.

SWALI: Shangazi, nyinyi wachambuzi ni waongo. Mkikosa kuelewa kitu mnakiita sanaa. Mpelelezi kazi yake ni kupata jibu, period. Nilitoa pesa yangu nikatoka katikati. Mpelelezi mlevi wa maana ni yule wa Big Lebowski, hiyo ndiyo muvi.
Mkali, Nakuru

JIBU: Kaka Mkali, pole na pesa yako. Kwa Lebowski hatugombani, naipenda kuliko hii. Lakini ilipotoka 1998 nayo iliwachanganya watu, wakosoaji wakagawanyika na mauzo ya Marekani yakawa ya kawaida tu. Waliokuja kuipenda walikuja baadaye, kwa kanda na DVD. Desemba 2014, mwezi ule ule Inherent Vice ilipoingia kumbini, maktaba ya bunge la Marekani ikaiweka Lebowski kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa. Sisemi hii nayo itafika huko. Sidhani. Lebowski ina zulia: zulia la mhusika mkuu limekojolewa, anataka fidia, hata mtoto anafuata. Doc hana zulia, ana mwanamke anayemkumbuka, na kumbukumbu haishikiki.

Hilo la mpelelezi lazima apate jibu ndilo nalikataa. The Big Sleep ya mwaka 1946, ya Humphrey Bogart, wengi wanaihesabu katika muvi bora za upelelezi. Ndani yake kuna dereva anayekutwa kafa ndani ya gari majini. Watengenezaji walipokwama wakamuuliza Raymond Chandler, mwandishi wa kitabu chenyewe, nani kamuua dereva. Chandler akajibu kwamba hata yeye hajui. Hakuna aliyerudishiwa tikiti. Tofauti ni kwamba Bogart anatembea kama anayejua anakokwenda, na sisi tunamfuata. Doc anatembea kama aliyesahau alikoacha viatu. Kama humpendi mtu wa namna hiyo, muvi nzima itakuchosha, na mimi sina dawa ya kukupa. Ulitoka, ulifanya vema.

SWALI: Rafiki yangu chuoni anasisitiza muvi hii haieleweki mpaka uvute kwanza. Ni kweli?
Msafi, Mwanza

JIBU: Rafiki yako anatafuta kisingizio, na polisi wakimkuta na msokoto asinitaje. Itazame kamera: inatulia, watu wawili wanaongea kwenye fremu moja kwa dakika kadhaa bila kukatwakatwa. Hakuna rangi zinazozunguka, hakuna kuta zinazopumua. Doc mwenyewe anajitahidi, ana kijitabu anaandika, na humo kuna mahali amejiandikia kwamba haoni maruweruwe. Asiyevuta ndiye atakayeweza kusoma mwandiko ule. Chukua karatasi, andika majina manne tu: Shasta, Mickey, Coy, Bigfoot. Wengine waache wapite.

SWALI: Shangazi, baba mkwe anakuja wikiendi kutoka Iringa na anapenda sana muvi za upelelezi za zamani. Nimwekee hii?
Mkwe Mpya, Dar es Salaam

JIBU: Hapana! Kuna sehemu moja ndefu, Shasta yuko uchi wa mnyama na anaongea taratibu bila haraka yoyote, na rimoti ya nyumba za watu siku hiyo huwa haionekani. Mwekee The Big Sleep. Akikuuliza nani alimuua dereva, mletee chai.