Mjane wa Kitwa na kikombe cha shirika

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu, Baba Padri. Mimi ni mama kiongozi wa shirika letu, yaani jumuiya ndogo ya sala ya mtaa, hapa Kadutu, Bukavu. Mwaka huu amejiunga nasi mjane mmoja Mtwa, wa wale watu wa asili wa msituni, aliyekimbia vita upande wa Kalehe. Anapanga chumba mtaani kwetu na anabeba mizigo sokoni. Baada ya sala tunakunywa uji, na kwa kuwa vikombe ni vichache tunapokezana. Tangu aje, nimeona anapewa kikombe kilekile cha plastiki, na hakuna mwingine anayekigusa. Hakuna aliyemtukana. Nilipouliza, mmoja alisema ni desturi ya wazee, mwingine akasema wale watu ni wachafu. Je, ni dhambi? Na nikilisema wazi, si nitavunja shirika?

JIBU: Milele amina, mama. Ndiyo, ni dhambi. Nakujibu hivyo mwanzoni kabisa ili usifikiri kwamba maelezo yatakayofuata ni ya kuipunguza.

Umeandika kwamba hakuna aliyemtukana. Acha nikueleze nilichokiona mwenyewe. Nilikulia kijijini Kabare. Mama mmoja Mtwa alikuwa akituletea vyungu vya udongo, na koko, mama mzazi wa baba yangu, alimpa maharagwe, kisha akammiminia kasiksi, pombe ya ndizi, katika kipande cha kibuyu kilichopasuka mdomo. Kibuyu hicho hakikuingia nyumbani. Kilitundikwa kwenye mti nyuma ya jiko, pale kuku walipolala. Siku moja nilikitwaa nichotee maji. Koko alinipokonya, akanishika mikono yote miwili, akanisugua kwa majivu mpaka kwenye viwiko. Huyo ni koko aliyesali rozari kila jioni na ambaye hakuwahi kumrudisha mwenye njaa mlangoni. Juu ya yule mama hakusema neno baya hata moja, wala hakuwa na haja. Yale majivu yalinitosha. Nilikwenda seminari, nikasoma, nikapata upadri, na bado miaka mingi mkono wangu ulisita mbele ya kikombe cha Mtwa. Ndiyo maana nasema hiki kikombe chenu cha plastiki kinafundisha katekisimu yake, na watoto wanaokaa mikekani wakati mnasali wanaishika haraka kuliko ile yetu.

Sasa fungua Injili ya Yohane, sura ya 4. Tumezoea kuihubiri kama habari ya maji ya uzima, na kweli ni hiyo, lakini tunaruka haraka mwanzo wake. Yesu amechoka, amekaa kisimani, saa sita ya mchana. Anamwomba mwanamke Msamaria maji. Mwanamke anashangaa, na mwinjili anatueleza sababu: Wayahudi hawakuchangamana na Wasamaria. Wapo wafasiri wanaolisoma neno hilo la Kigiriki kwa maana iliyo karibu zaidi na jambo letu, yaani hawakutumia vyombo pamoja. Na mstari wa 11 unakubaliana nao, maana mwanamke anamwambia: "Bwana, huna kitu cha kutekea." Hana ndoo, hana kata. Akipewa maji, atayanywa katika chombo cha yule mwanamke, kilichoguswa na midomo ya watu ambao yeye alifundishwa kuwaepuka. Yesu hakumletea Msamaria kikombe chake cha peke yake. Aliomba kunywa katika kile cha mwanamke mwenyewe. Mama, nimelisoma fungu hilo mara nyingi sana, na bado linaniuma ninapokumbuka yale majivu.

Kuhusu desturi ya wazee, wewe unaishi Kadutu, na Kadutu yenyewe ingetuonya. Wakati Wabelgiji wakiuita mji huu Costermansville, wao walikaa kwenye rasi zinazoingia ziwani, na mtu mweusi akapangiwa kuishi Kadutu. Kwao nayo ilikuwa desturi. Nao pia walisema ni kwa ajili ya usafi na afya. Babu zetu waliopandishwa mlima wa Kadutu kwa sababu ya ngozi yao walijua vizuri maneno hayo yana maana gani. Inawezekanaje tuyaokote, tuyapeleke kwa jirani yetu?

Na huo uchafu, hebu tuuangalie kwa haki. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka wa 1970 na kupanuliwa mwaka wa 1975. Watwa waliokuwa wakiishi katika msitu ule walitolewa bila kupewa ardhi nyingine. Walitoka kwenye nyama, asali, dawa na makaburi ya wazazi wao, wakakaa pembezoni mwa mashamba ya wengine kama vibarua. Uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka wa 2024, ulitamka kwamba nchi yetu ya Kongo ilivunja haki zao. Mtu asiye na kiwanja hana kisima, asiye na kisima ananunua maji kwa bidoni, na anayebeba magunia sokoni tangu alfajiri kwa franka chache atachagua kununua maji au unga. Kadutu mnajua bomba linavyokauka. Siku ambayo maji hayajatoka kwako, mama, kuna mtu aliyekubagulia kikombe?

Nije kwenye hofu yako ya kuvunja shirika. Hofu hiyo si ya aibu, maana mtume Petro aliipata. Katika barua kwa Wagalatia, sura ya 2, Paulo anasimulia kwamba Petro alikuwa akila pamoja na watu wa mataifa kule Antiokia bila shida. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, akaanza kujitenga polepole, kwa kuwaogopa. Hakutukana mtu. Alihama meza tu. Na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba, mtu mwema yule. Paulo alimkabili Petro mbele ya wote, kwa kuwa kosa lilifanyika mbele ya wote, akaliita kutokwenda sawasawa na ukweli wa Injili. Kwa hiyo shirika lako tayari lina ufa, mama. Umepita pale kwenye kikombe cha plastiki, na mjane yule anauona kila wiki anapokunywa.

Lakini sikuambii usimame kesho umhutubie kila mtu huku yeye ameketi katikati, macho chini. Hilo lingemgeuza kuwa mfano wa somo, naye amekuja kusali. Anza na mwili wako. Keti karibu naye. Uji ukija, pokea kikombe anachotoka kukinywea, unywe, bila kutangaza. Kile cha plastiki kichukue nyumbani kwako, kikae huko. Wale wawili waliokujibu, waendee mmoja mmoja, uwaambie waziwazi kwamba ni dhambi na kwamba padri amesema hivyo. Wakinikasirikia mimi ni sawa. Wakiendelea, basi useme mbele ya wote kama Paulo, nami nitakuwa nyuma yako.

Tena msikilize mnavyomwita. Katika mashirika yetu kila mama anaitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye mnamwita nani? Kama ni "yule Mtwa" au "Mumbuti wetu", muulize jina la mtoto wake wa kwanza.

Naomba mjihadhari na kitu kingine ambacho mapadri tumekifanya sana. Tunakusanya nguo kuukuu, tunapiga picha, tunarudi tumefurahi, na kikombe kinabaki palepale. Usinielewe vibaya, mwenye baridi apewe shuka. Ila Mtwa anayepewa kila siku na haombwi kitu hata siku moja amewekwa nje kwa njia nyingine. Mpeni asome somo. Mpeni ufunguo wa kasha la michango. Kuna mambo ya msitu anayoyajua kuliko sisi sote, mkamwulize.

Mwaka wa 1906 Ota Benga, Mmbuti, mtu wa msituni kama Watwa, kutoka Kongo yetu, aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakienda kumtazama. Waliomtoa ni wachungaji weusi wa Kibatisti wa mji ule, waliopiga kelele bila kuchoka. Alikufa kwa mkono wake mwenyewe mwaka wa 1916. Nawafikiria wachungaji wale kila ninapoona jinsi sisi, ndugu zake wa nchi moja, tulivyo kimya.

Sheria pia ipo, na wanashirika waijue. Tangu tarehe 7 Juni 1966 nchi yetu inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila, na tarehe 15 Julai 2022 ilitiwa sahihi sheria ya kuwalinda Watwa na Wambuti. Mahakama haiwezi kukulazimisha kunywa na mtu. Inaweza kumsaidia mjane huyu siku mwenye nyumba atakapomfukuza kwa kabila lake, au mtoto wake atakapokataliwa shuleni. Siku hiyo asiende peke yake, shirika liende naye.

Limebaki moja nalotaka kukuuliza. Shirika linazunguka nyumba kwa nyumba. Je, limewahi kusali kwake? Nadhani nalijua jibu. Mwulize kama angependa, na akikubali msimpelekee viti, wala sahani, wala thermosi. Mkae alipo na mnywe alichopika, katika vyombo alivyo navyo. Kisha unijulishe siku. Nitapanda Kadutu, na kama ana kikombe kimoja tu, nitangoja zamu yangu.