Paris na vibaka: nilivyochomolewa pochi, na ninavyotembea sasa

Mkuu, umeuliza kama ule mkanda wa kuficha pesa tumboni unatosha kwa safari yako ya Paris. Kwa pasipoti, sawa. Kwa pesa ya matumizi, hapana. Utapandisha shati mbele za watu kila ukitaka tiketi? Ukipandisha tu, umeshawaonyesha ghala lilipo.

Mimi nilichomolewa kwenye metro namba 1, treni ya mjini ile inayopita makumbusho ya Louvre na barabara ya Champs-Élysées. Kipaza sauti kilitangaza kwa lugha kadhaa tujihadhari na wezi wa mifukoni. Nikajipapasa mfuko wa nyuma, kulia. Pochi ipo, roho ikatulia. Kumbe nimewaelekeza! Kituo kilichofuata, binti aliyekuwa mbele yangu akasimama ghafla mlangoni kama aliyesahau kitu. Wa nyuma wakanisukuma, king'ora cha mlango kikalia, binti akachupa nje, mlango ukafunga. Mimi huku namsikitikia kwamba nusura abanwe. Nilipojipapasa tena, mfuko mwepesi.

Tangu hapo sijipapasi. Tangazo likilia, mikono inabaki ilipo. Begi nalivaa kifuani na kiganja kinakaa juu ya zipu tangu naingia hadi nashuka. Natembea na kadi moja na noti za siku hiyo tu, mfuko wa mbele. Kadi ya pili inalala chumbani. Sisimami karibu na mlango, na simu siitoi hapo kabisa, maana wanaikwapua mlango ukianza kufunga, halafu utamkimbiza nani?

Usitafute vibaka kwa sura. Yule binti alivaa vizuri kunishinda.

Ukitoka kwenye metro ukapanda kilimani, kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Cœur, kuna vijana wa nyuzi: anakusalimia, anakushika mkono, anakufunga uzi kidoleni, kisha anadai hela. Wengine wanakuja na karatasi ya kutia sahihi, na karatasi hiyo ndiyo inayofunika mkono unaoingia kwenye begi lako. Sisi tuliolelewa kuitikia kila salamu tunapata taabu sana hapo. Tia mikono mfukoni, usisimame.

Na likikukuta usijione mshamba. Aprili 2013 wafanyakazi wa Louvre wenyewe waligoma, makumbusho yakafungwa siku nzima kwa sababu ya vibaka. Mei 2015 ikawa zamu ya Mnara wa Eiffel.

Kabla hujasafiri piga *#06#, uandike IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yako, mahali pengine. Ukiibiwa, funga kadi kwanza, polisi baadaye. Ile ripoti yao bima wataidai. Mimi nilianza kwa kuzunguka kituoni nikitafuta pochi kwenye mapipa ya taka. Kule kadi inagusishwa bila namba ya siri hadi euro 50 kwa mara moja, na nilipokuja kuwapigia benki, wezi walikuwa wameshaigusisha mara tatu.