Ukijani kwenye sanamu ya bronzi

Mmeuliza kama ukijani wa sanamu yenu ya bronzi, iliyofungwa ukutani hapa Mombasa, ni kutu. Si kutu, ndugu. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na bati, kwa kawaida kama sehemu 9 kwa 1. Ule ukijani ulioenea sawasawa mwilini mwa sanamu ni ganda la shaba yenyewe na hukinga kilicho chini, kwa hivyo msiuparuze. Sanamu ya Alma Mater ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilizinduliwa 1903 ikiwa na dhahabu juu; leo dhahabu haipo, imebaki kijani.

Cha kuogopa hapa Mombasa ni vidoa vya kijani hafifu vya unga unga, ukigusa unabaki kidoleni. Hiyo ni chumvi ya bahari imeshaingia ndani na inakula. Osheni kwa maji matamu (ya kisima chenye chumvi yatazidisha), sabuni kidogo ya vyombo na brashi laini. Ikauke kabisa, ndipo mpake nta nyembamba na kung'arisha kwa kitambaa cha pamba. Kama ukuta unatazama bahari, fanyeni hivyo mara 2 kwa mwaka. Ndimu na siki acheni kabisa. Waya wa sufuria nao huacha chembe za chuma. Vidoa vikirudi, ni kazi ya fundi wa kuhifadhi metali.

Ile michirizi ya kahawia ukutani chini ya miguu ya sanamu ndiyo kutu, inatoka kwenye bolti za chuma zinazoishikilia. Chuma kikigusana na bronzi penye chumvi, chuma ndicho huliwa. Wekeni bolti za stenlesi ya 316 (aina ya chuma cha pua kinachostahimili chumvi) na washa za plastiki, yaani vipete vya kuzuia metali zisigusane. Anzeni na hilo, maana watu wanapita chini yake.