Mwanangu, usiidharau geji 20

Malindi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili, maana sikutarajia kwamba mtoto aliyekuwa akiziba masikio fataki zikilia siku ya Idi angekuja kuniuliza habari za bunduki. Unasema kwamba huko Birmingham umejiunga na klabu ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa angani, kwamba bunduki ya geji 12 unayoazimwa inakuacha na bega lililovilia damu, na kwamba unataka kununua iliyo ndogo zaidi kwa bei unayoimudu, ila hujui ushike .410, 28 au 20. Ile miaka niliyobeba bunduki za wageni waliokuja kupiga kanga na kwale huku nyuma ya mto Sabaki, kabla uwindaji wa ndege nao haujapigwa marufuku kama ulivyopigwa ule wa wanyama mwaka 1977, ilinifunza mambo machache, na haya ndiyo ninayoweza kukupa.

Nunua geji 20 iliyokwisha kutumika, yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine.

Hesabu ya geji ni ya kale nayo inakwenda kinyumenyume, ndiyo maana inawachanganya wengi. Chukua ratili moja ya risasi, yaani ile metali yenyewe, uigawe madonge 20 ya mviringo yaliyo sawa. Upana wa donge moja ndio upana wa mtutu wa geji 20, kiasi cha milimita 15.6. Ukiigawa madonge 12 utapata milimita 18.5, na ukiigawa 28 utapata 14. Hiyo .410 haimo katika hesabu hii, kwani namba yake ni upana wenyewe wa mtutu kwa inchi, sawa na milimita 10.4.

Watu humpa anayeanza .410 wakidhani wanamhurumia, kumbe wanamtesa. Risasi yake ya visahani hubeba kama gramu 14 tu za marisau, ilhali geji 12 yako hubeba hadi 28, na kisahani chenye upana wa milimita 110 kinaweza kupenya katikati ya chembe hizo chache hata ulipolenga sawasawa. Utakosa bila kujua kama kosa ni lako au ni la bunduki, na hapo hutajifunza lolote. Hiyo ni bunduki ya fundi aliyekwisha kuivaa kazi.

Kuhusu 28 nakiri kwamba moyo wangu uko huko. Ni nyembamba, inapendeza mkononi, na gramu zake 21 zinavunja kisahani vizuri ajabu. Lakini umeniuliza jambo la gharama, na gharama ya mchezo huu haimo katika bunduki, imo katika kile unachokifyatua. Risasi za 28 na za .410 huuzwa ghali zaidi kwa sababu wanunuzi wake ni wachache. Chukulia kwamba kila moja imezidi kwa peni 10 tu, nawe unapiga 100 kila Jumamosi: hizo ni risasi 5,200 kwa mwaka, na pauni 520 zimekwenda bila kisahani hata kimoja cha ziada kuvunjika. Risasi za geji 20 bei yake haiko mbali na ya 12, na huzikosi dukani.

Sasa hilo bega. Usidhani kwamba mtutu mdogo peke yake ndio utakaokuponya, kwa kuwa bunduki nyepesi hupiga teke kali kuliko nzito iliyopakiwa risasi ileile. Geji 20 yenye uzito wa kilo 3 hivi, ukiitilia risasi za gramu 21 au 24, itakusukuma tu. Ile nyepesi mno iliyotengenezwa kwa ajili ya kutembea nayo porini kutwa itakuumiza, tena itasimama ghafla mkononi wakati kisahani bado kinakwenda. Nashuku pia kwamba kitako cha bunduki ya klabu ni kirefu kwako. Fumba macho, iweke begani kama ulivyozoea, kisha fumbua: jicho lako likitazama moja kwa moja juu ya mtutu, bunduki ni ya kipimo chako, likiona chuma cha nyuma tu, au likiuona mtutu wote kama barabara inayopanda mlima, sicho. Kitako kirefu fundi wa bunduki hukikata kwa gharama ndogo.

Wageni wetu wengi walikuwa Waitaliano, na bunduki zao zilitoka Gardone Val Trompia, kwa akina Beretta wanaofanya kazi hiyo tangu 1526. Beretta ya zamani iliyotunzwa naipenda kuliko mpya ya bei ya chini, ingawa Waturuki wa Huğlu, mkoani Konya, nao hutengeneza geji 20 za bei nafuu zisizo za kudharauliwa. Ukiletewa iliyotumika, ondoa kigao cha mbele, yaani ule ubao ulio chini ya mitutu, uifunge, uitikise: isichezecheze kwenye bawaba. Kisha uning'inize mtutu kwa kidole na uugonge kwa fundo la kidole, kama mama yako anavyougonga mtungi sokoni. Ukilia kama kengele, uzima upo. Ukitoa sauti ya ubao, kuna mahali pameachia pale mitutu ilipounganishwa.

Jambo moja ulishike sana, kwa kuwa klabuni 12 na 20 hukaa meza moja. Risasi ya 20 ikiingizwa kwenye bunduki ya 12 huteleza na kukwama mbele ndani ya mtutu, na mtu akidhani hakuweka kitu, akatia ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mkononi. Ndiyo sababu za 20 hutengenezwa za rangi ya manjano. Asubuhi moja kijana mwenzangu alizichanganya mfukoni. Niliikunja bunduki, nikachungulia, na badala ya mwanga nikaona giza. Tuliitoa kwa ufito, na siku ile sikula chakula cha mchana.

Cheti cha kumiliki bunduki utakiomba polisi, pamoja na taarifa ya daktari, nacho hudumu miaka mitano. Kabati la chuma la kuiwekea liwe limekwisha kufungwa ukutani. Wakati ukisubiri, endelea na bunduki ya klabu, ila waombe risasi nyepesi zaidi.

Mji wako huo una nyumba ya kupima mitutu tangu 1813, na mihuri yake, inayoonyesha kwamba mtutu umejaribiwa ukahimili, hupigwa chini ya mitutu, mahali panapofichika bunduki ikifungwa. Kabla hujalipa, ipige picha mihuri hiyo na unitumie.

Babako