Uliza Fundi: Kabla ya kununua kadi ya grafiksi, fungua keisi kwanza

SWALI: Mambo vipi braza, shikamoo. Niko Chikongola hapa Mtwara mjini, nina Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ile ndefu ya kusimama, prosesa i5-3470, RAM 4GB, hadidiski 500GB. Gemu la GTA V linafunguka ila linakwamakwama, FC 25, lile la mpira, ndo halifunguki kabisa. Korosho za nyumbani zimelipwa, mzee kanikatia laki tatu. Kuna jamaa Kariakoo ana kadi mbili za grafiksi, GT 730 ya 4GB na GTX 1060 ya 6GB, anasema kama sina waya wa umeme wa hiyo 1060 atanipa adapta ya kuungia kwenye waya wa hadidiski, ananitumia kwa basi kesho. Nichukue ipi?
Msomaji, Chikongola

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichukue hata moja, na hiyo hela nakuomba usiitume mpaka umalize kusoma hapa, kwa sababu watu wengi wanaanza na kadi halafu kompyuta yenyewe ndo inakuja kuikataa.

Anza na pawa saplai, kile kiboksi kinacholisha kompyuta umeme. Hiyo 7010 ndefu inatoka kiwandani na pawa saplai ya wati 275, toa mfuniko wa pembeni utaona stika yake, na ukifuata nyaya zake moja moja hutaona ule wenye plagi ya pini 6 wa kulishia kadi. Sasa GTX 1060 inakula wati 120, sloti ya kuchomekea kadi kwenye mazabodi, ile bodi kuu, mwisho wake ni wati 75, inayobaki lazima ipite kwenye waya ambao wewe huna. Ndo jamaa anakuletea habari ya adapta. Plagi ya hadidiski ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila pini imepangiwa ampia 1.5, piga hesabu hapo unapata wati 54 tu, wakati kwenye plagi ya pini 6 kadi inaruhusiwa kuvuta mpaka 75. Gemu likikolea saa nzima ile plagi inapata moto, plastiki inalainika, unaanza kusikia harufu, pini zikigusana hapo unaweza kupoteza kadi na mazabodi kwa pamoja, au moto ukawaka kabisa. Hiyo adapta ikataliwe hata akikupa bure.

GT 730 nayo inauzwa kwa ile namba ya 4GB. Naomba hili lieleweke vizuri maana linakula hela za vijana kila siku: GB za kadi ni nafasi ya kuhifadhia picha za gemu, siyo nguvu ya kuzichora. GT 730 ni kadi ya 2014, nyingi zina memori ya DDR3 ya polepole, na draiva mpya za gemu, yaani programu ya kuiunganisha kadi na Windows, Nvidia wenye chipu hizi waliacha kuitolea tangu 2021. GTX 1050 Ti ina 4GB hizo hizo lakini ukizipima zote mbili kwa gemu moja utaona 730 haipo hata karibu.

Mimi ningekutafutia GTX 1650 isiyo na plagi ya umeme. Inakula wati 75, yote inapita kwenye sloti, hakuna cha adapta. Prosesa yako mwisho wati 77, ukijumlisha na hadidiski na feni bado uko chini ya 275 kwa nafasi nzuri tu. Ila kuwa makini hapa, kuna kampuni zinaitengeneza 1650 na zinaiwekea plagi ya pini 6, kwa hiyo kabla hujalipa mwambie muuzaji apige picha ukingo wa juu wa kadi, ukiona kitundu cha plagi achana nayo. Ukiikosa kwa hela yako shuka 1050 Ti ya 2016, nayo ni wati 75, lakini ujue Nvidia walishatangaza kwamba draiva za gemu za familia hiyo mwisho ni Oktoba 2025, baada ya hapo zinakuja za usalama tu mpaka Oktoba 2028. 1650 ni ya 2019 na bado imo kwenye kundi linaloendelea, ndo maana nakusukumia huko. Kuna na RTX 3050 ya 6GB ya mwaka 2024, wati 70, nzuri sana, lakini kwa prosesa yako hiyo ni hela itakayokaa bila kufanya kazi.

Afu usiimalize laki tatu yote kwenye kadi. RAM 4GB ni ndogo mno, na hata kukwamakwama kwa GTA sehemu yake inatokea hapo. Ongeza kijiti kingine cha 4GB cha DDR3 kama kilichopo ni kimoja cha 4GB, viwili vikifanya kazi pamoja ni bora kuliko kimoja cha 8GB, na mazabodi yako ina sloti nne. SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, itafuata msimu ujao.

Kuhusu magemu yenyewe nikwambie ukweli. GTA V ilipotoka kwenye kompyuta 2015, prosesa waliyoipendekeza wenyewe ni hiyo hiyo i5-3470 na RAM 8GB, kwa hiyo ukiweka 1650 utaicheza vizuri mpaka ufurahi, ila chukua toleo la zamani, hili jipya la Machi 2025 limepandisha masharti. FC 25 inagoma sababu inataka DirectX 12, yaani mfumo wa Windows wa kuchorea magemu, na grafiksi ya ndani ya prosesa yako, HD 2500, inaishia 11. Kadi itatibu hilo. Lakini prosesa ya chini kabisa waliyoiandika ni i5-6600K, yako iko nyuma yake vizazi vitatu, kwa hiyo sikuahidi kitu, jaribu kwanza kwa rafiki mwenye prosesa kama yako. Elden Ring wanataka i5-8400 na RAM 12GB, hiyo isahau kwenye mashine hii. Ukija kuona kadi inapumzika na prosesa iko asilimia 100, i7-3770 inakaa kwenye soketi hiyo hiyo, hapo ndo mwisho wa barabara ya 7010.

Kadi ikifika, waya wa monita uchomeke kwenye kadi, usiuache kwenye mazabodi, hili linawapata wengi wanasema kadi mbovu kumbe picha wanaitafuta pasipo. Kama monita yako ni ya VGA tupu, ile plagi ya zamani ya bluu, agiza kabisa kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani, kwa sababu kadi hizi hazitoi VGA. Ikigoma kuonyesha picha huenda BIOS, ile programu ya kuwashia kompyuta iliyo kwenye mazabodi, ni ya zamani, kwa 7010 ya mwisho ni A29, lakini usiisasishe bila UPS, lile betri la kushikilia umeme, maana umeme ukikatika katikati mazabodi inakufa hapo hapo na umeme wetu wa huku unaujua. Na kwa kuwa tuko pwani, fungua keisi mara kwa mara upulize vumbi, hewa ya chumvi ikichanganyika na vumbi kwenye feni inashika unyevu na kutu inaanzia hapo.

SWALI: Kaka habari, mimi wa Nachingwea. Nina laptop HP EliteBook 840 G3, naweza kuongezewa kadi ya grafiksi ndani ili nicheze magemu mapya?

JIBU: Hapana dada/kaka, na fundi atakayekwambia inawezekana muogope. Kwenye laptop hiyo grafiksi imo ndani ya prosesa na prosesa imechomelewa kwenye bodi, hakuna sloti ya kuweka kadi. Unachoweza ni kuongeza RAM, ina sloti mbili za DDR4, ukiweka vijiti viwili grafiksi ya ndani nayo inapata nguvu kidogo maana inaazima RAM hiyo hiyo, na uweke SSD. Magemu ya zamani yatakwenda. Kwa mapya, hela yako iweke kwenye kompyuta ndefu ya mezani hata kama ni mtumba.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa hapa Mtanda, Lindi. Kijana wangu kanunua kadi imeandikwa GTX 1050 Ti 4GB kwa mtu wa mtandaoni, bei ilikuwa rahisi sana. Kila akiweka draiva kompyuta inazima skrini, na akifungua gemu linajifunga. Muuzaji anasema kompyuta yetu ndo mbovu. Kadi ina tundu la bluu la monita ya zamani, na matundu mengine mawili. Tumeibiwa?

JIBU: Shikamoo mama. Hilo tundu la bluu ndo limenishtua, hilo ni VGA, na chipu ya kweli ya 1050 Ti haina njia ya kutoa VGA. Kuna watu wanachukua kadi za zamani sana, mara nyingi GTS 450 au GTX 550 Ti, wanabadilisha maandishi ya ndani ili ijitambulishe kama 1050 Ti, stika mpya juu, boksi jipya. Windows inasoma lile jina la uongo, draiva inakuja kwa chipu ambayo haipo, ndo skrini inazima.

Mwambie kijana apakue programu ya bure inaitwa GPU-Z, kuanzia toleo la 2.12 la mwaka 2018 inazitambua hizi na kuandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Kama kuweka draiva kunazima skrini basi aifungue bila draiva. Afu atoe feni ya kadi taratibu, skrubu nne tu, afute ile dawa nyeupe kwa kitambaa, jina la chipu limechongwa juu yake: ya kweli itaanza na GP107. Akiona GF106 au GF116 hapo hakuna mjadala tena. Apige picha zote mbili, ya GPU-Z na ya chipu, pamoja na mazungumzo na muamala wa malipo, mdai hela kwa maandishi, akizungusha nendeni polisi na huo ushahidi. Na safari ijayo, mama, muuzaji awashe kadi kwenye kompyuta yake, afungue GPU-Z na gemu, akurekodie video inayoonyesha serial namba ya kadi ile ile itakayopanda basi, ndo mtume hela.