Uanzie hospitali kubwa au zahanati ya kisiwani?

Mdogo wangu, hongera kwa kupata leseni ya uuguzi. Umeuliza kama uanzie wodini Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, au ukubali nafasi ya zahanati huko kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, na kwa maoni yangu uanzie hospitalini, angalau kwa mwaka mmoja. Kazi ya zahanati si ndogo hata kidogo. Tatizo ni kwamba usiku wa manane, mama aliyejifungua anapoanza kutokwa damu nyingi, muuguzi wa kisiwani anaweza kujikuta peke yake, na rufaa ikabidi ingoje chombo cha kuvuka ziwa. Kukanda mfuko wa uzazi ili damu ikome, huku oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko huo, ikiandaliwa, hakufundishiki darasani pekee. Mimi nilijifunza kwa mkunga mzoefu aliyenishika kiganja akakiweka juu ya tumbo la mzazi, karibu na kitovu, mpaka nikahisi mfuko unakaza kama mpira.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza ni nani atakayekusimamia zamu za usiku na utahudumia wagonjwa wangapi. Mshahara ni muhimu, kwani kodi ya nyumba haingoji, lakini wodi isiyo na msimamizi usiikubali hata ikilipa zaidi. Ukerewe uombe baadaye, ukishazoea dharura.